Kupinda na Kupindua Kaida: Istilahi za Mwanzo wa Filamu ya Kutisha

Mwalimu mmoja wa chuo cha sanaa alituletea ofisini tafsiri ya zoezi alilokuwa amewapa wanafunzi wake, akatuomba tuikague. Zoezi lenyewe asili yake ni Uingereza. Huko, kwa miaka kadhaa kuanzia mwaka 2008, wanafunzi wa sekondari ya juu waliofuata mmojawapo wa mitaala ya somo la vyombo vya habari waliweza kupewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya kubuni usiozidi dakika mbili, pamoja na majina ya watengenezaji yanayopita juu ya picha. Kisha walitakiwa kueleza jinsi kazi yao ilivyotumia, ilivyoendeleza au ilivyokwenda kinyume cha mambo yaliyozoeleka katika filamu za aina hiyo. Filamu ya kutisha hufaa sana kwa zoezi kama hili, kwa kuwa haidai gharama kubwa: giza, mlango unaolia na mtu mmoja mwenye hofu hutosha.

Katika tafsiri ya mwalimu huyo swali lilisomeka hivi: “Filamu yenu imefuata au imevunja kanuni zipi za filamu za kutisha?” Karibu darasa zima lilijibu kwa fahari kwamba halikuvunja kanuni hata moja. Kikundi kimoja, ambacho kilikuwa kimepiga picha zake mchana wa jua kali, sokoni, katikati ya watu, bila muziki wowote, kiliomba radhi kwa kuandika kwamba chuo hakikuwa na taa za kutosha kwa kazi ya usiku. Kwa maoni yetu hicho ndicho kikundi kilichofanya kazi ya maana kuliko vyote, nacho kilijitetea kama mshtakiwa. Kosa halikuwa la wanafunzi. Lilikuwa katika neno kanuni.

Kanuni, kama watumishi wa serikali wajuavyo, ni sharti lililowekwa na mwenye mamlaka. Ziko kanuni za utumishi, kanuni za mchezo, kanuni za hesabu. Na mwenye kuvunja kanuni amekosa, hata kama hakuadhibiwa. Dhana tunayoizungumzia hapa ni tofauti kabisa. Hakuna aliyeketi akaandika kwamba filamu ya kutisha sharti ianze usiku. Jambo hilo lilitokea, likarudiwa, likapendwa, hata mtazamaji akaanza kulitarajia. Ni mapatano ya kimya baina ya mtengenezaji na mtazamaji, wala si amri.

Msomaji aliyepata kukaa katika banda la video hahitaji kufafanuliwa sana. Watazamaji wa mabandani wana msemo wao kwamba steringi hafi. Neno hilo steringi halimo katika orodha zetu, na sisi tungali tukipendekeza mhusika mkuu. Lakini yatupasa kukiri kwamba la mitaani lina kitu ambacho letu halina. Mhusika mkuu ni mtu ambaye hadithi inamhusu. Steringi ni mtu ambaye tumeahidiwa kwamba ataokoka. Ndani ya neno hilo moja imo dhana nzima tunayoitafutia istilahi.

Tulipoyapima maneno mengine, desturi tuliiona ni mali ya jamii na maisha yake, nayo huambatana na mila. Mazoea ni ya mtu mmoja mmoja, tena mara nyingi husemwa kwa kulaumu. Likabaki neno kaida. Kaida na kawaida ni ndugu: yote mawili yametoka katika Kiarabu, la kwanza likiwa umoja na la pili wingi wa neno lile lile. Katika Kiarabu maana yake ni msingi au kanuni, lakini katika Kiswahili maana imelegea ikaelekea lile litokealo siku zote. Ulegevu huo ndio tunaoutaka. Lisilo la kaida si lazima liwe kosa. Ni jambo la kushangaza, na mshangao ndio mtaji wa msanii.

Sasa tuitazame kaida ikifanya kazi. Katika filamu ya Jaws ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Steven Spielberg, msichana anaingia baharini peke yake usiku, na papa anayemuua haonekani. Giza, upweke na adui asiyeonekana: kaida tatu katika dakika chache. Katika Halloween ya mwaka 1978, John Carpenter alizikusanya nyingi zaidi, kisha akaongeza jambo. Kamera inakuwa ndiyo macho ya muuaji. Tunazunguka nyumba pamoja naye, tunachungulia dirishani, tunaingia jikoni na kuchukua kisu, tunapanda ngazi. Anapovaa kinyago, nasi tunaona kupitia matundu yake. Hatuna mahali pa kumkimbilia, maana tumo ndani yake. Kisha anatoka nje, wazazi wanafika, kinyago kinavuliwa, na aliyeshika kisu ni mtoto wa miaka sita. Kaida zote zilikuwa zikituandalia zimwi au mwendawazimu. Tulichopewa ni mtoto aliyevaa nguo za kuchekesha.

Mfano huu unaonyesha kwa nini kupinga halikuwa tafsiri nzuri ya lile jambo la pili. Carpenter hakupinga kitu. Alifuata njia ile ile mpaka hatua ya mwisho, ndipo akageuza. Kukiuka nalo tuliliacha, kwa sababu siku hizi linanuka mahakama: watu hukiuka sheria na haki. Kuhoji ni kazi ya mdomo. Tunachopendekeza ni jozi ya vitenzi vya shina moja, ambavyo Kiswahili kimekuwa navyo tangu zamani: kupinda na kupindua. Anayepinda kaida huiacha itambulikane, ila imeelekea upande mwingine. Anayeipindua huiweka chini juu. Kwa hiyo lile swali la mwalimu sasa lingesomeka: “Filamu yenu imefuata, imepinda au imepindua kaida zipi?” Mwanafunzi akisoma hivyo hataona haya kujibu.

Mifano ya kupindua si haba. Psycho ya Alfred Hitchcock, iliyotoka mwaka 1960, inaanza mchana katika mji wa Phoenix, katika chumba cha hoteli, na kwa muda mrefu mtazamaji hudhani anatazama habari za mapenzi na wizi wa fedha. Na steringi wake, mwanamke aliyechezwa na Janet Leigh, anauawa kabla filamu haijafika nusu. Wes Craven, katika Scream ya mwaka 1996, hakungoja hata hivyo. Alimchukua Drew Barrymore, mwigizaji ambaye jina lake lilijulikana kila mahali, akamuua katika sehemu ya kwanza kabisa, tena baada ya muuaji kumhoji kwa simu juu ya filamu za kutisha zenyewe. Hapo wahusika wanazijua kaida kama tuzijuavyo sisi, na kuzijua hakuwaokoi.

Lakini mfano ambao mtu wa lugha hana budi kusimama mbele yake ni Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, ambayo mwaka uliofuata ilimpatia mwandishi wake tuzo ya Oscar ya mswada asilia wa filamu. Inaanza usiku, naam, kama kaida. Kijana mweusi anatembea peke yake katika mtaa tulivu wa watu wenye nafasi, miti imekatwa vizuri na taa zinawaka. Filamu nyingi za Marekani zimefundisha kwamba katika mtaa wa namna hiyo mweusi anayepita usiku ndiye wa kuogopwa. Hapa mwenye hofu ni yeye, na mtaa wenyewe ndio msitu. Gari linamfuata polepole. Mara anakabwa na kutiwa ndani.

Baada ya hapo majina yanapita juu ya picha za miti ikikimbia kando ya barabara, na unasikika wimbo wa sauti nyingi uliotungwa na Michael Abels. Wimbo huo ni wa Kiswahili. Jina lake ni “Sikiliza Kwa Wahenga”. (Mhariri mkali angesema “Wasikilize Wahenga” lingekaa vizuri zaidi mdomoni, lakini tusimkate mgeni kwa kisu cha sarufi.) Katika filamu za kutisha za nchi za Magharibi, sauti zinazonong’ona kwa lugha isiyoeleweka ni kaida ya siku nyingi: lugha ngeni yenyewe huwa ndiyo tisho. Mtazamaji wa Marekani asiyejua Kiswahili husikia hivyo. Ila maneno yenyewe hayatishi, yanaonya. Wahenga wanamwambia shujaa kwamba hatari iko mbele, akimbie. Mswahili aliyeketi katika ukumbi ule ule anaelewa kabla ya shujaa mwenyewe kuelewa, na kaida inapinduka masikioni mwake peke yake. Ni nadra filamu kumpa mtazamaji wetu nafasi ya mbele namna hiyo.

Tofauti hii ya anayejua na asiyejua inatupeleka kwenye istilahi mbili ambazo watafsiri huzichanganya. Hitchcock alimweleza Francois Truffaut, katika mazungumzo yao ya mwaka 1962, kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla bila mtazamaji kujua, huo ni mshtuko wa sekunde chache. Mtazamaji akijua kwamba liko pale, huku wahusika wakiendelea na porojo zao, anateseka kwa dakika nyingi. La kwanza tuliite mshtuko. La pili ni taharuki, neno ambalo walimu wa fasihi wamelitumia kwa muda mrefu na halina sababu ya kubadilishwa kwa kuwa limehamia kwenye sinema.

Kuhusu maneno mengine ya zoezi tunaweza kusema kwa kifupi. Mwanzo utoshe. Ufunguzi humngoja mgeni rasmi na utepe, na utangulizi ni wa kitabu. Filamu ya kutisha nalo libaki, ingawa vijana siku hizi husema “umetisha” kwa kumsifu mtu, na huenda siku moja tukahitaji kufafanua kwamba filamu ya kutisha si lazima iwe nzuri. Vitisho ni vya wanaodai fedha kwa nguvu, hivyo tuliliacha.

Jambo lililobaki ni la mwalimu zaidi kuliko la mtafsiri. Kaida ni ya watazamaji fulani, na haiwezi kupinduliwa mbele ya wasioijua. Vikundi kadhaa vya chuo kile vilianza filamu zao kwa nyumba ya mbao ndani ya msitu, kama walivyoona katika video za kigeni. Si vibaya. Lakini mbuyu wakati wa magharibi, paa la nyumba huko Unguja kwa mtu aliyekuwepo mwaka 1995, wakati wa hofu ya popobawa, au gari lisilojulikana kwa mtoto aliyeonywa juu ya mumiani, vina ahadi ambayo haihitaji muziki. Mussa Banzi na watengenezaji wengine wa video za Kiswahili waliitumia hazina hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kile kikundi cha sokoni, kwa mfano, kilimwonyesha mama muuza samaki akihesabu chenji, huku nyuma yake mtoto amesimama bila kivuli saa saba mchana. Mwalimu amekubali kuisahihisha upya kazi yao.

Bado hatujapata neno la ile picha ndefu isiyokatwa ambayo kamera huipiga kwa macho ya mhusika, kama katika Halloween. Watengenezaji wa video husema shoti kwa kila pande la picha, liwe refu au fupi. Tumefikiria “picha ya jicho”, lakini daktari mmoja wa macho ametuomba tusimwibie. Msomaji aliye na neno lililo bora atuandikie kabla kamati ya istilahi haijakutana.