Si kila goti liumalo huhitaji kisu

MTU anayeumwa na mgongo au goti aghalabu hufikiri kuwa atapona tu akionwa na daktari mpasuaji wa mifupa. Husubiri kwa miezi, hudai kupigwa eksirei na, maumivu yanapozidi, hununua dawa dukani bila ushauri.

Nchini Uingereza, utaratibu huo umebadilika pakubwa. Mnamo 2006, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwa England uliohimiza kliniki za kutathmini maradhi ya mifupa na viungo zifunguliwe karibu na makazi ya watu. Katika nyingi ya kliniki hizo, anayempokea mgonjwa si mpasuaji bali ni tabibu wa viungo, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, aliyepata mafunzo ya ziada.

Je, tabibu huyo hufanya nini? Kwanza, humuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini na yanamzuia kufanya kazi gani. Kisha humtazama akitembea, akiinama na kuinuka, na kupima nguvu za misuli pamoja na hisia za ngozi.

Baada ya hapo, wagonjwa hugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa, hufunzwa mazoezi na namna ya kuendelea na shughuli zao. La pili ni la wanaohitaji vipimo zaidi au kuonwa na mpasuaji, kwa mfano wale ambao nyonga zao zimelika kupindukia.

Kundi la tatu ni dogo lakini halifai kucheleweshwa hata siku moja. Maumivu ya mgongo yanayoandamana na kushindwa kudhibiti mkojo, ganzi katika sehemu za siri au miguu kulegea huweza kuashiria kuwa neva za upande wa chini wa uti wa mgongo zimebanwa. Mgonjwa asipotibiwa upesi, huenda akapata ulemavu wa kudumu. Homa na kukonda bila sababu navyo huweza kuwa dalili za kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani.

Hapo ndipo ilipo faida ya mpango huu: asiyehitaji kisu akiondoka kwenye foleni, anayekihitaji hufikiwa mapema.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno pia unapendekeza elimu na mazoezi, na kushauri dhidi ya kutumia mishipi ya kiuno kama tiba ya kawaida.

Humu nchini, Sheria ya Matabibu wa Viungo ya 2014 iliunda baraza la kuwasajili wataalamu hao. Kwa hivyo, kabla ya kumkabidhi mtu yeyote mgongo wake, mgonjwa ana haki ya kuuliza iwapo amesajiliwa. Lakini akiona dalili za hatari zilizotajwa, asingoje kliniki, akimbilie hospitali.