Piza ya kwanza nyumbani

Piza ya Napoli, Italia, huokwa katika tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 430 hadi 480 za Selsiasi, na huiva kwa sekunde 90 tu. Oveni nyingi za nyumbani huishia 250, na hapo ndipo wanaoanza hukwama: jibini inaungua, chini bado unga mbichi. Dawa ni kuwasha oveni mpaka mwisho kwa nusu saa, trei ya chuma ikiwa ndani, kisha kuilaza piza juu ya trei hiyo ya moto.

Unga hausumbui. Nusu kilo ya ngano, mililita 325 za maji, chumvi vijiko viwili vya chai na hamira kijiko kimoja hutosha piza tatu. Donge hukandwa dakika 10, hufunikwa na kuachwa liumuke maradufu. Kifimbo cha chapati kisiguswe, kwani hufukuza hewa yote. Vidole husukuma kutoka katikati, ukingo ukibaki mnene.

Nyanya za kusaga zichujwe maji kwanza, na vya kupamba viwe vichache. Baada ya dakika nane hivi ukingo huvimba na kupiga madoa ya kahawia.