Kutafuta Vishada vya Galaksi vya Mbali: Nafasi ya Infraredi na Eksirei

Mtu anayetazama usiku kutoka Manundu, Korogwe, taa za miteremko ya Usambara, anaweza kudhani kuwa taa zilizosongamana ni za kijiji kimoja, ilhali baadhi zimo katika kilima cha mbele na nyingine katika kilima cha nyuma. Mtafiti wa vishada vya galaksi hukabiliwa na tatizo hilohilo. Makala haya yanafafanua kwa nini utatuzi wake unahitaji aina mbili za uchunguzi.

Uchunguzi wa kwanza ni wa eksirei. Kwa kuwa angahewa huzuia eksirei zitokazo angani, vifaa vyake havina budi kupelekwa juu ya angahewa. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Data zake zilionesha kuwa eksirei za vishada vya Coma na Perseus hazitoki katika nukta moja, bali zimetanda katika eneo pana. Setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliyorushwa kutoka jukwaa hilohilo mwaka 1974, ilibaini alama ya chuma katika eksirei za Perseus, ikathibitisha kuwa chanzo chake ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo hushikiliwa na uvutano wa kishada kizima. Kuwepo kwake ni ushahidi kuwa galaksi husika zimefungamana kweli.

Hata hivyo, umbali hudhoofisha ushahidi huo. Katika kishada XMMU J2235, kilichotangazwa mwaka 2005 kutokana na picha za setilaiti ya XMM-Newton, urefu wa mawimbi umenyooshwa mara 2.39, na mng'ao wa kila eneo la gesi umefifia takriban mara 33. Mwanga wa galaksi zake, uliosafiri takriban miaka bilioni 9, ulitoka ukiwa wa kuonekana kwa macho lakini hutufikia ukiwa infraredi. Hapo ndipo darubini za infraredi hubainisha galaksi ambazo picha za kawaida huzikosa.

Hivyo basi, infraredi huonesha mahali pa kutafuta, nayo eksirei huthibitisha kuwa kilichopatikana ni kishada. Idadi ya vishada vya kale hutumika kupima nadharia za ukuaji wa ulimwengu; msongamano wa kinjozi ukihesabiwa kuwa kishada, kipimo chenyewe hupotoka.