Siku Sita na Samaki Mia Tano

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Kwa kawaida ningeita "Paukwa!" nanyi mkaitika "Pakawa!" Leo tunaanza na swali, maana lilinifuata mpaka jikoni jana jioni nikiwa napara samaki.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili aliingia, akaniamkia, nikamwitikia marahaba. Akabaki amesimama mlangoni. "Bibi," akasema, "shuleni tunaambiwa viumbe vilibadilika kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Kanisani tunaambiwa Mungu aliumba vyote kwa siku sita. Sasa mwongo nani, mwalimu au mchungaji?"

Nilicheka, si kwa kumdharau. Mimi nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na Jumapili ndimi ninayesoma Neno mbele ya waumini. Kama kuna mwongo, basi tunalala kitanda kimoja. "Vuta kigoda," nikamwambia. "Shika kisu, unisaidie hawa furu."

Tukaanza na Biblia. Na nyinyi fungueni sura ya kwanza ya Mwanzo, mhesabu kwa vidole. Siku ya kwanza, nuru. Ya pili, anga likitenga maji na maji. Ya tatu, nchi kavu na mimea yake. Hapo simameni kidogo, kwa sababu siku ya nne inairudia ya kwanza: penye nuru panawekwa jua, mwezi na nyota. Ya tano inairudia ya pili: angani ndege, majini samaki. Ya sita inairudia ya tatu: juu ya nchi kavu wanyama, na sisi. Kwanza vyumba vitatu, kisha wakazi wa vyumba hivyo. Huo ni ufundi wa mtunzi anayepanga mizani na vina. Fundi mwashi anayeandika siku alizofanya kazi hapangi hivyo.

Tena jua limetokea siku ya nne. Jioni na asubuhi tatu za kwanza zilitoka wapi? Msidhani mwandishi alipitiwa. Swali hilo lilimshughulisha sana Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo. Aliona kwamba siku hizo haziwezi kuwa kama siku zetu hizi za jua kuchomoza na kutua. Charles Darwin alitoa kitabu chake cha mageuko mwaka 1859, zaidi ya miaka 1,400 baadaye. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba Wakristo walibuni usomaji huo ili kumkimbia Darwin.

Basi mwandishi alitaka tujue nini? Majirani wa Israeli waliabudu jua na mwezi. Yeye hata majina ya hivyo viwili hakuyataja. Aliviita mianga, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, kana kwamba ni taa zilizotundikwa ukumbini. Aliwaambia watu wake wasiisujudie taa, wamwabudu aliyeitundika. Kisha sura ya pili inasimulia upya kwa mpango mwingine: mtu anafinyangwa kwanza, wanyama wanafuata. Waliokikusanya kitabu waliziacha simulizi zote mbili bega kwa bega. Na kwa Kiebrania ardhi ya udongo huitwa adama. Kila tunapojiita wanadamu, yaani wana wa Adamu, tunautaja udongo huo bila kujua.

"Na furu je?" mjukuu wangu akauliza, magamba yamemjaa vidoleni.

Furu hawa ni wa Ziwa Victoria, na wataalamu wameona kwenye matope ya chini kabisa kwamba ziwa hilo liliwahi kukauka. Lilijaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Furu walioingia kutoka maji ya jirani walikuwa wa aina chache. Watoto wao wakatawanyika: wengine kwenye miamba, wengine kwenye mchanga, wengine kilindini. Aliyezaliwa na taya imara akavunja konokono, mwenye mdomo wa kukwangua akala ukoga. Aliyefaa mahali pake aliishi, akazaa, akarithisha. Kizazi baada ya kizazi, zikatokea aina zinazokadiriwa kufika 500. Hayo ndiyo mageuko.

Wawili kati yao ni majirani kwenye visiwa vya miamba karibu na Mwanza. Wa kwanza anaitwa Pundamilia pundamilia, wa pili Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume la pundamilia ni la buluu na hukaa juu, ambako mwanga unatosha. La nyererei lina wekundu na hukaa chini zaidi, ambako maji ya ziwa letu huacha mwanga mwekundu ndio upite. Jike la kule chini lina macho yanayoona wekundu vizuri, basi humchagua dume mwekundu. Ndivyo koo mbili zinavyotengana bila ukuta.

"Kwa hiyo Bibi, sisi tulikuwa nyani?"

Hapana. Hata sokwe aliye karibu nasi kuliko nyani si babu yako, ni binamu wa mbali. Sisi na yeye tuna wahenga wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, kisha kila ukoo ukashika njia yake. Anayeona aibu kuwa na undugu na sokwe akumbuke kuwa Biblia ilikwisha kututoa mavumbini, na mavumbi hayana hata macho.

Wapo Wakristo waaminifu wanaosoma siku sita kuwa siku za saa 24. Msiwacheke, ni ndugu zetu. Lakini wapo wengi wanaoyakubali yote mawili. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba nadharia ya mageuko imekwisha kuvuka hatua ya kuwa dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mtu hutoka kwa Mungu. Roho haiwekwi chini ya darubini, na Mwanzo hautaji taya za furu.

Kisha nikamweleza habari ya kuhuzunisha. Miaka ya 1950 watu walianza kumpandikiza ziwani sangara, mla samaki wenzake. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kila mahali, na aina nyingi za furu zikapotea. Maji nayo yakichafuka, majike hawaoni rangi vizuri, na koo zilizokuwa zimetengana zinaanza kuchanganyika. Kazi ya miaka 15,000 inaharibika ndani ya maisha ya bibi mmoja. Na sura ile ile ya pili inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza.

Mjukuu wangu alimgeuza furu wa mwisho mkononi, akamtazama muda mrefu.

"Kumbe mwalimu ananiambia amechukua muda gani," akasema polepole, "na mchungaji ananiambia ni wa nani."

Nilimpa sahani ya magamba. "Kayamwage kwenye migomba," nikamwambia. "Ziwani usiyatupe."