Malenge si chakula cha shida: Yapike hivi, na watoto wataomba zaidi

Katika nyumba nyingi za mijini, malenge yana sifa mbaya. Mtoto akiyaona kwenye sahani hukunja uso. Kijana wa chuo huyaita chakula cha wazee wa mashambani. Hata mama mwenyewe, akitumiwa boga zima kutoka nyumbani, hugawia jirani nusu, na nusu iliyobaki huoza kwenye kona ya jikoni kwa sababu hajui aifanyie nini zaidi ya kuichemsha.

Hasara hiyo si ndogo, mpenzi msomaji. Boga moja lililokomaa vizuri laweza kuilisha familia ya watu watano kwa siku kadhaa, likiwa kiamsha kinywa siku moja, kitoweo siku ya pili na chapati siku ya tatu. Kwa mzazi anayehesabu shilingi za mkate kila asubuhi, au mwanafunzi anayepika kwa jiko moja katika chumba cha kukodi, hicho ni chakula cha kuthaminiwa. Shida haiko katika malenge yenyewe, ila iko katika kuyapika kwa njia moja tu, maji mengi na chumvi kidogo, hadi yawe kama uji usio na ladha.

Huu hapa ni ushauri wa namna ya kuyachagua, kuyahifadhi na kuyapika, yawe matamu kwa sukari au makali kwa viungo.

Ni mgeni aliyezoeleka

Wengi wetu huyahesabu malenge kuwa chakula cha kienyeji. Ukweli ni kwamba asili yake ni bara la Amerika. Katika pango moja huko Oaxaca, Mexico, wachunguzi wa mambo ya kale walipata mbegu za jamii ya malenge zilizopandwa na watu yapata miaka 10,000 iliyopita. Ni baada ya Wazungu kufika Amerika mwaka wa 1492 ndipo mmea huu uliposambaa duniani na hatimaye kufika kwetu.

Wenyeji wa Amerika Kaskazini walikuwa na desturi ya kupanda vitu vitatu katika shamba moja: mahindi, maharagwe na malenge. Mharagwe ulipanda juu ya bua la mhindi, nayo majani mapana ya malenge yalifunika udongo usikauke wala kuota magugu. Ukitazama vyema utaona kwamba vitu vivyo hivyo hukutana katika sufuria ya githeri iliyotiwa vipande vya malenge.

Huko Marekani na Kanada, malenge ni chakula cha majira ya vuli, kati ya Septemba na Novemba, majani ya miti yanapopukutika na watu kujiandaa kwa baridi. Kwetu vuli ni jina la mvua fupi. Malenge yaliyopandwa wakati wa mvua ya masika huanza kukomaa karibu na baridi ya Julai, ile inayowafanya watu wa Nairobi na Limuru kujifunika mablanketi mchana. Kwa hivyo hapa pia malenge na baridi ni marafiki.

Waacholi wa Uganda nao wana methali inayomkanya mtu asing'oe mmea wa malenge kwenye boma la zamani. Maana yake ni kwamba usikidharau kilichokulea kwa sababu tu umepata kipya. Tunaoishi mijini ndio hasa tunaohitaji kuisikia.

Kuchagua na kuhifadhi

Ukienda sokoni, iwe Wakulima au Muthurwa jijini Nairobi, au Kongowea kule Mombasa, usidanganywe na ukubwa. Chagua boga lenye uzito ukilinganisha na umbo lake. Ligonge kwa kidole. Lililokomaa hutoa mlio kama wa kitu chenye uwazi ndani. Bonyeza ngozi kwa ukucha: ikipenya kwa urahisi, boga ni changa na litakuwa majimaji. Kikonyo kiwe kikavu na bado kimeshikamana na boga, maana likikatika kikonyo huingiza uozo haraka.

Ikiwa wanunua kipande kilichokatwa, tazama rangi ya nyama. Kadiri inavyokaribia rangi ya chungwa ndivyo inavyokuwa na utamu na lishe zaidi. Kataa kipande chenye utelezi au harufu ya uchachu.

Boga zima likiwekwa mahali pakavu penye hewa, mbali na jua, laweza kukaa mwezi mmoja au miwili bila kuharibika. Likishakatwa, mambo hubadilika. Ondoa mbegu na nyuzi za ndani, lifunike vizuri na uliweke kwenye friji, nalo litumike kwa muda wa siku tatu au nne. Usipokuwa na friji, nunua kipande cha kutosha siku hiyo tu.

Jihadhari pia unapokata, kwani visu vingi huteleza juu ya ngozi ile ngumu. Weka kitambaa kilicholowa chini ya ubao usisogee, kata kipande kidogo upande mmoja ili boga likae imara, kisha lipasue. Usimwachie mtoto kazi hiyo.

Faida mwilini

Rangi ya chungwa katika malenge hutokana na kitu kiitwacho beta-karotini, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hii husaidia macho, hasa kuona wakati wa giza, na huupa mwili nguvu za kupambana na magonjwa. Mwili huifyonza vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo, na ndiyo sababu malenge yaliyopikwa kwa nazi, maziwa au siagi yana faida kuliko yaliyochemshwa matupu. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, malenge si haramu, lakini apunguze kiasi na aepuke mapishi ya kutia sukari tutakayoyataja.

Onyo moja: ukionja malenge ukakuta ni machungu, yateme na uyatupe yote. Uchungu huo ni dalili ya sumu ambayo huweza kumletea mtu maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara, na kuyapika hakuiondoi.

MALENGE YA NAZI

Watu wa Pwani huyaita maboga, na hakuna wanaoyapika kwa ustadi kuwashinda. Katika mwezi wa Ramadhani maboga ya nazi huandaliwa katika nyumba nyingi wakati wa kufuturu.

Mahitaji: malenge kilo moja, nazi moja kubwa, sukari vijiko vitatu vikubwa, iliki punje nne zilizopondwa, chumvi kidogo sana.

Namna ya kupika: Kuna nazi, tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu na ukamue upate tui zito. Liweke kando. Tia maji kikombe kimoja na nusu kwenye machicha na ukamue tena upate tui jepesi. Katakata malenge vipande vikubwa kiasi, yapange ndani ya sufuria, mimina tui jepesi, tia iliki na chumvi. Funika na uyaache yachemke kwa dakika 15 hivi hadi yaanze kulainika. Tia sukari na tui zito, punguza moto na uache sufuria wazi hadi tui liwe zito na kuyashika malenge. Moto ukiwa mkali tui litakatika. Usikoroge kwa mwiko vipande visije vikavunjika. Shika masikio ya sufuria na uitikise polepole.

Haya huliwa yakiwa moto au yaliyopoa, pamoja na chai ya rangi. Mtoto anayekataa malenge mwanzishie hapa.

MALENGE YA KUKAANGA KWA VIUNGO

Hiki ni kitoweo cha kusindikiza chapati, wali au ugali na maharagwe.

Mahitaji: malenge nusu kilo yaliyomenywa na kukatwa vipande vidogo, vitunguu viwili, nyanya tatu, kitunguu saumu punje tatu, bizari kijiko kimoja kidogo, pilipili mbichi moja, mafuta vijiko vitatu, dania, chumvi na ndimu.

Namna ya kupika: Kaanga vitunguu hadi viwe rangi ya kahawia. Tia kitunguu saumu, bizari na pilipili, geuza kidogo, kisha tia nyanya. Ziache ziive kabisa hadi mafuta yajitenge. Sasa tia malenge na chumvi, changanya, ongeza robo kikombe cha maji na ufunike. Kwa moto mdogo yatakuwa tayari baada ya dakika 12 hadi 15. Epua, kamulia ndimu na unyunyize dania.

Siri ni maji machache. Malenge yenyewe yana maji mengi na yatayatoa yakiiva. Ukipenda ladha ya Kihindi, anza kwa kutia mbegu chache za haradali na uwatu kwenye mafuta ya moto kabla ya vitunguu.

CHAPATI ZA MALENGE

Mabaki ya malenge ya kuchemsha hayatupwi. Yaponde hadi yawe laini kabisa. Kwa vikombe vitatu vya unga wa ngano, tumia kikombe kimoja cha malenge, chumvi kijiko kimoja kidogo na mafuta vijiko viwili. Changanya bila maji kwanza. Malenge yatalowesha unga, nawe utaongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo pale tu unga unapodai. Kanda kwa dakika kumi, funika na uuache upumzike nusu saa, kisha sukuma na uchome kama kawaida. Utapata chapati laini za rangi ya dhahabu, ambazo hukaa bila kukakamaa hadi kesho yake, kwa hivyo zinafaa kwa mtoto wa kubeba chakula shuleni.

MALENGE YA KUOKA

Huko Marekani wakati wa vuli, hupasua boga dogo katikati, wakatia siagi na sukari ya kahawia kwenye shimo lililoachwa na mbegu na kulioka. Wewe unaweza kutumia ile aina ndefu yenye kiuno iitwayo butternut, ambayo siku hizi inapatikana masokoni na madukani.

Ipasue kwa urefu, ondoa mbegu, na upake nyama yake siagi. Kwa upishi mtamu, nyunyizia sukari nguru iliyosagwa na mdalasini. Kwa upishi usio na sukari, tumia kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, pilipili manga na majani machache ya rosemari, ule mmea unaopandwa kuwa ua katika mitaa mingi ya Nairobi. Oka kwa nyuzi 200 kwa dakika 45 hadi saa moja, mpaka uma uingie bila kusukumwa.

Huna oveni? Fanya kama wafanyavyo wapishi wa keki wa mitaani: weka vipande ndani ya sufuria nzito iliyopakwa mafuta, funika kwa kifuniko cha bati, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Hakikisha mlango na dirisha viko wazi, kwa kuwa moshi wa makaa huua katika chumba kilichofungwa.

Usitupe majani wala mbegu

Majani machanga ya malenge, ambayo wengi huyajua kwa jina la seveve, ni mboga kamili. Vuta nyuzi za nje kwenye vikonyo, osha, katakata na uchemshe kwa maji kidogo hadi yalainike, kisha uyamalizie kwa maziwa au njugu karanga zilizosagwa. Wapishi wa mukimo nao huyaponda pamoja na viazi na mahindi ili upate ile rangi ya kijani.

Mbegu nazo zioshe, zianike hadi zikauke, kisha uzikaange kwenye kikaango kikavu pamoja na chumvi. Zikianza kutoa mlio wa kupasuka na kugeuka rangi, zimeiva. Mwanafunzi anayesoma usiku atapata cha kutafuna chenye mafuta mazuri na protini, bila kukimbilia kibanda cha vibanzi.

Jumapili hii, unaporudi kutoka kanisani au sokoni, nunua kipande kimoja cha malenge na ujaribu pishi moja tu kati ya haya. Usiwatangazie watoto kabla ya chakula kwamba ni malenge. Waandalie, wale, na wakishaomba nyongeza ndipo uwaambie walichokula.