Oili ya Pikipiki ni ya Nani?



Pita asubuhi kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Dar es Salaam, iwe Mbagala, Tandika, Sinza au Gongo la Mboto, utawakuta vijana wakifuta pikipiki zao. Tangi linang'aa, kiti kimevishwa kava jipya, na kwenye usukani vinaning'inia vikorombwezo vya kila rangi. Sasa mwulize mmoja wao: "Kijana wangu, oili umebadili lini?" Mara nyingi utapata kicheko kwanza, jibu baadaye.

Swali hilo dogo ndilo mazungumzo yetu ya juma hili. Oili ya pikipiki ni ya nani? Ni ya tajiri aliyeinunua au ni ya dereva anayeiendesha? Nauliza kwa sababu pikipiki nyingi za mji huu zina watu wawili wanaosema "hii yangu". Lakini siku inapokohoa, kila mmoja husema "hii yako".

Zamani kidogo pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba, padri wa parokia au mratibu wa elimu. Ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo aliijua kama anavyojua viatu vyake. Zilipoanza kumiminika pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, mambo yakageuka. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua rasmi pikipiki kuwa chombo cha kubebea abiria kwa malipo, na leo ni riziki ya vijana wengi, mijini na vijijini.

Kijana huyo aghalabu hana mtaji. Kwa hiyo hupewa chombo na mwenye fedha, nao hupatana kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni hesabu: kila jioni dereva anapeleka kiasi walichokubaliana, kinachobaki ni chake. Ya pili ni mkataba: anapeleka fedha kila siku au kila wiki kwa muda fulani, na muda ukiisha pikipiki inakuwa mali yake.

Tazama sasa mtego ulipo. Katika hesabu, mwenye hasara chombo kikifa ni tajiri, lakini hakioni toka asubuhi hadi jioni. Dereva anakiona, ila si chake. Katika mkataba, mwenye sababu ya kukitunza ni dereva, lakini fedha yote inakwenda kwenye deni, naye anajiambia, "Nitaanza kuitunza ikishakuwa yangu." Na yule deiwaka anayepokea usukani mwenzake anapokwenda kulala, yeye hana sababu hata moja. Anachotaka ni abiria na mafuta. Basi wote watatu wanamkamua ng'ombe mmoja, na hakuna anayekata majani.

Pengine utasema, oili ni nini hata tuipigie kelele? Tufungue kidogo tumbo la pikipiki. Katika gari dogo, injini ina oili yake na giaboksi ina oili yake. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, oili ni ile ile moja, nayo ni lita moja au zaidi kidogo tu. Hiyo hiyo inalainisha pistoni, inalainisha gia, na ndimo klachi inamooga. Tena pikipiki hizi hazina rejeta ya maji. Injini inapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi yake pamoja na oili inayozunguka ndani. Pikipiki inapokwama juani kwenye foleni, abiria wawili mgongoni na upepo haupo, oili ndiyo inayobeba mzigo wote wa joto.

Oili ikitumika mno huwa nyeusi, hujaa chembe za chuma na kupoteza nguvu ya kutenganisha chuma na chuma. Kuanzia hapo ringi za pistoni zinalika. Utaona moshi wa rangi ya buluu ukitoka kwenye eksozi, maana yake injini imeanza kunywa oili. Dereva anaongeza kidogo, kesho kidogo tena, akidhani anatunza. Kumbe kuongeza si kubadili. Mwisho wake ni sauti ile ya kugonga ambayo mafundi huisema kwa neno moja: imenoki. Hapo ni kushusha injini, kuchonga silinda, kununua pistoni na ringi, na chombo kulala kwa fundi siku kadhaa bila hesabu kwa tajiri wala ugali kwa dereva.

Kuna na kosa la kutia oili yoyote. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Kwa gari ni jambo jema, lakini klachi ya pikipiki inafanya kazi kwa kusuguana ndani ya oili hiyo hiyo. Ukiitia, klachi inaweza kuteleza: injini inanguruma, mlima haupandiki. Tangu mwaka 1998 Japani ina kipimo maalumu cha oili za pikipiki zenye mipigo minne. Tafuta kwenye chupa herufi JASO MA. Asiyejua Kiingereza naye anaweza kuzitambua herufi hizo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme dereva anatembea kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa mwaka ni kilomita 31,200. Karani anayekwenda kazini na kurudi kwa pikipiki yake, kilomita 10 kwa siku, atahitaji zaidi ya miaka minane kufika hapo. Kwa hiyo bodaboda asijilinganishe na jirani yake karani, wala asihesabu miezi. Ahesabu kilomita. Bahati mbaya pikipiki nyingi za kijiweni spidomita zake zimekufa siku nyingi, na mwenyewe hajui ametembea kiasi gani. Waya wa spidomita ni kitu kidogo, lakini bila huo unakwenda gizani.

Tuseme basi oili inabadilishwa kila baada ya wiki mbili, ambazo kwa mwendo wetu ni kilomita 1,200. Kwa mwaka ni mara 26. Tuseme tena chupa ya lita moja ni sawa na hesabu ya siku moja. Siku za kazi ni 312. Ukigawanya, oili inakula hesabu moja katika kila kumi na mbili. Hiyo ndiyo bei ya amani. Anayeona ni kubwa, aende akaulize bei ya injini.

Oili nimeitanguliza kwa sababu haionekani. Lakini swali la "ni ya nani" linagusa mambo mengine yanayoua upesi kuliko injini. Cheni ikilegea huruka meno ya spoketi, na ikikatika inaweza kuliziba gurudumu la nyuma mkiwa katika mwendo. Ikikazwa kupita kiasi inakula beringi. Ilegee kiasi cha upana wa vidole viwili hivi, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza, na isipakwe oili chafu iliyomwagwa kwenye injini, kwani hiyo ina chembe za chuma na inashika mchanga. Kava la cheni lisitolewe kwa kutafuta urembo, kwa sababu ndilo linalozuia kanga au baibui la mama aliyekaa nyuma lisivutwe ndani. Chujio la hewa lisafishwe, hasa kwa wanaoshinda kwenye barabara za vumbi. Na breki: viatu vyake vikiisha, mvua ya kwanza itatoa taarifa, na taarifa hiyo wakati mwingine hupokelewa hospitali.

Sasa je, oili ni ya nani? Jibu langu ni kwamba oili si ya tajiri wala si ya dereva. Oili ni ya pikipiki. Itolewe kwanza kwenye mapato ya pikipiki yenyewe, kabla ya wawili hao kugawana. Nanyi mnaopatana, liandikeni jambo hilo kwenye karatasi siku ile ile mnapokabidhiana funguo: oili kila baada ya kilomita kadhaa, nani ananunua, nani anashuhudia, matairi na breki vinatoka fungu gani. Mikataba mingi ina mistari kumi kuhusu deni na hata mmoja hauzungumzii breki.

Pili, nunueni daftari la kurasa chache, likae chini ya kiti ndani ya mfuko wa nailoni. Tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo litamwokoa dereva na tuhuma za uongo, na siku ya kuuza, mnunuzi ataliona.

Ndugu tajiri, fimbo ya mbali haiui nyoka. Usipokee hesabu kwa simu mwezi mzima bila kuiona pikipiki. Siku moja kwa wiki isimamishe wima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na kutulia, utazame kiasi cha oili na rangi yake. Dereva akikuomba siku ya matengenezo, usimdai hesabu ya siku hiyo.

Nawe kijana wa mkataba, kumbuka kwamba siku ya mwisho ya deni utakabidhiwa kile kile ulichokuwa unakiendesha. Ukikiua njiani, utakuwa umelipa mwaka mzima kununua chuma chakavu.

Na wewe abiria mwenzangu, kabla hujapanda, angalia tairi la nyuma kama lina kashata, na umwulize dereva lile swali letu. Akicheka, nawe cheka. Kisha ngoja jibu.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.