Tarakilishi kuukuu: Usitupe mbachao kabla ya kuukagua

TARAKILISHI ya nyumbani inapoanza kusuasua, wazo la kwanza huwa ni kununua nyingine. Kwa mzazi wa jijini Eldoret, pesa hizo aghalabu huwa ndizo zilizotengewa karo au mbolea ya msimu ujao. Ni busara basi kujua kwanza mashine inaugua nini.

Ikiwa inatumia Windows 10 au 11, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati imelemewa. Utaonyeshwa iwapo kinachofikia asilimia 100 ni diski, kumbukumbu au prosesa.

Mara nyingi mkosaji ni diski ya zamani, ambayo huzungusha sahani huku mkono mdogo ukisafiri juu yake kutafuta kila faili. Diski ya SSD haina kitu kinachosogea, na mashine iliyochukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka kwa chini ya dakika moja. Kumbukumbu ya RAM nayo ni kama meza ya kazi: GB 4 hujaa upesi, ilhali GB 8 hutosha kwa masomo na mikutano ya video. Muulize fundi kwanza kama RAM yako inaweza kuongezwa, kwani katika baadhi ya vipakatalishi imeunganishwa moja kwa moja na bodi kuu. Nakili faili zako kabla ya kumwachia mashine.

Hata hivyo, si kila mashine inafaa kugharimiwa. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Windows 11 huhitaji kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane au cha baadaye. Tazama nambari inayofuata i5 au i7: 6500 ni kizazi cha sita, 8500 ni cha nane. Mashine ya kizazi cha sita ikiwekwa SSD itakwenda mbio, lakini mlango wake utabaki bila kufuli, isipokuwa mwenyewe akubali kuhamia Linux, ambayo hupatikana bila malipo.

Kipimo hicho kitumike pia dukani. Mashine nyingi zinazouzwa nchini zilikwisha kutumika ng'ambo, na ganda linalong'aa laweza kuficha prosesa iliyopitwa na wakati.

Kwa hivyo, prosesa ikiwa bado inakubalika na kasoro ni diski au RAM, karabati. Ikiwa bodi kuu imekufa, au vipuri vitagharimu zaidi ya nusu ya bei ya mashine nyingine nzuri, nunua. Wahenga walionya dhidi ya kutupa mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbacha uliooza usibadilishwe.